Haki Ni ya Mjukuu

Wako watu wasemao ya kuwa mzazi akishafunga mlango wake, nyanya na babu hawana budi kunyamaza, na ya kuwa kumshtaki mkwe ni aibu ya ukoo. Hoja hiyo ni dhaifu. Aibu i wapi, ikiwa mtoto aliyelelewa na nyanyake tangu mamake kufariki anyimwa ghafula hata ruhusa ya kumwamkia?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chaamuru masilahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo limhusulo. Basi nyanya na awaite wazee kwanza, maana kifungu cha 159 chaukubali usuluhishi. Wakishindwa, aende Mahakama ya Watoto akaombe amri ya kumwona mjukuu. Lakini asiende kudai damu tu. (Wapo mababu wamkumbukao mjukuu siku ya kugombania mahari!) Aeleze ni nani aliyemlisha mtoto, aliyemwuguza, aliyemlipia karo.

Wafaransa wameandika waziwazi katika sheria yao ya kwamba haki hii ni ya mtoto mwenyewe, wala hakuna kiwezacho kuizuia ila masilahi yake. Nasi tumwulize mzazi akatazaye: mtoto atadhurikaje? Kumchukia mkwe si jibu.