FUNDI AJIBU: Breki ya Mkono Isiyoshika

Dereva mmoja wa Katogota atuuliza: lori lake likisimamishwa penye mwinuko, breki ya mkono haishiki, hata kijana wake hukimbilia jiwe. Afanyeje?

Ndugu yetu, lori lako lina breki za upepo. Wengi hudhani upepo ndio ulishikao gari lililosimama. Sivyo, ni springi kali iliyomo ndani ya kopo la chuma karibu na gurudumu. Upepo kazi yake ni kuizuia springi hiyo. Basi upepo ukivuja njiani, magurudumu hukwama, na dereva huirudisha springi nyuma kwa skrubu ndefu ili afike nyumbani. Uvujaji hutengenezwa, skrubu husahauliwa! Nadhani ndiyo shida yako. Tia kabari magurudumu yote mbele na nyuma, jaza upepo, kisha ulegeze skrubu na kuitoa.

Isipokuwamo, tazama kama mabamba ya breki yamelika au yamelowa mafuta. Tena, wateremkao Ngomo toka Nyangezi hupasha dramu moto. Dramu hutanuka, na springi inyookayo mno hupungukiwa nguvu. Kopo lenyewe usilifungue kamwe: springi ikifyatuka huua. Mwachie fundi mwenye vyombo.

Na huyo kijana, mwana wa watu, asitie jiwe gari likiwa lasogea. Kanyaga breki ya mguu mpaka atoke, nawe umwone kwa macho yako. Mkiondoka, aondoe jiwe barabarani, maana wenye baiskeli hupita hapo usiku bila taa.