CHEO CHA KWENYE SIMU NA NAFASI YA MADRASA: NANI ANAMPIMA MTOTO WETU?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika jarida la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Tindiga wanalisikia kwa mbali, lakini watoto wao wanalijua vizuri mno. Nalo ni vyeo wanavyopewa wachezaji wa michezo ya kupigana risasi kwenye simu, kama vile Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty Mobile. Vijana wenyewe huviita "renki".

Asubuhi moja, katika darasa la baada ya swala ya Alfajiri, mwanafunzi wetu mmoja alisinzia mpaka msahafu ukataka kumponyoka. Tulipomwuliza kulikoni, alijibu kwa adabu: "Ustadhi, msimu ulikuwa unaisha jana usiku. Ningelala, ningebaki Platinum." Hatukumchapa. Tulikaa naye atueleze, kisha tukatafuta maelezo zaidi wenyewe, kwa sababu mwalimu akikataza asichokijua hasikilizwi.

MIZANI HII INAFANYAJE KAZI?

Wanaocheza drafti chini ya mwembe hawahitaji alama za kompyuta. Kila mtu kijiweni anajua nani fundi na nani bado anajifunza, kwa kuwa wameshachezeana miaka. Lakini kwenye intaneti wanakutana mamilioni ya watu wasiojuana. Lazima iwepo namba ya kumwonyesha kila mmoja yuko wapi, ili apangiwe mtu wa kiasi chake.

Hesabu iliyo mama wa mizani hizi ilitengenezwa kwa ajili ya mchezo wa chesi na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia huko Marekani. Chama cha chesi cha Marekani kiliikubali mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Hata FIFA, tangu mwaka 2018, inazipanga timu za taifa, Taifa Stars ikiwemo, kwa hesabu ya ukoo huohuo.

Tuseme Juma ana alama 1600 na Hamisi ana 1400. Tofauti ni 200, na hesabu inasema mwenye nguvu kama Juma anatarajiwa kupata kama pointi 76 katika kila michezo 100. Kwa hiyo Juma akishinda, hajafanya la ajabu: katika kipimo cha alama 20 kwa mchezo anaongezewa 5 tu. Hamisi akimshinda Juma, anachukua 15, na Juma anapoteza 15. Anayemshinda mdogo wake hapati kitu kikubwa, na anayemshinda mkubwa wake anapanda haraka.

Baadaye, mwaka 2005, wataalamu wa Microsoft walileta hesabu nyingine kwa michezo ya mtandao wa Xbox, wakaiita TrueSkill. Hii inaweza kupima watu wanaocheza kwa timu, na inatunza namba mbili kwa kila mchezaji: moja ni makisio ya uwezo wake, na ya pili ni kiasi cha shaka juu ya makisio hayo. Mgeni ana shaka kubwa, hivyo namba yake inaruka sana. Mzoefu ana shaka ndogo, hivyo inasogea polepole.

Katika michezo ya simu, namba hizo huvikwa majina yanayong'aa: Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond, na kuendelea juu. Katika PUBG Mobile cheo cha juu kabisa, Conqueror, wamewekewa wachezaji wachache wa mwanzo tu. Alama hutolewa kwa nafasi uliyomaliza na wapinzani uliowaangusha.

MAMBO MATATU AMBAYO KIJANA HAAMBIWI

Kwanza, mizani hii haikuwekwa ili ufike ukapumzike. Ukishinda, unapangiwa wenye nguvu zaidi. Katika mchezo wa timu mbili, mpangilio ukifanya kazi vizuri utashinda karibu nusu na kushindwa karibu nusu, hata ukiwa hodari namna gani.

Pili, cheo hakidumu. Msimu unapoisha, baada ya wiki kadhaa au miezi michache, wachezaji hushushwa ngazi na kuanza kupanda upya. Usiku ule mwanafunzi wetu alikuwa analinda kitu ambacho kesho yake kingeshushwa.

Tatu, si kila unayemshinda ni mtu. Katika ngazi za chini baadhi ya "wapinzani" huendeshwa na kompyuta yenyewe, wakilenga vibaya na kukimbia ovyo, ili mgeni aonje ushindi asikate tamaa.

Hatusemi kwamba wachezaji hawana ujuzi. Wepesi wa macho, kuelewana na wenzako na kusoma ramani ni ujuzi. Tunachosema ni kwamba mizani ya dukani hupima sukari, haipimi urefu wa kitambaa. Renki inapima jinsi unavyocheza mchezo ule, katika msimu ule, dhidi ya watu wale. Haikupimi wewe.

NASI WALIMU TUJIPIME

Hapa ndipo tulipotaka kufika, na si mahali pepesi kwetu. Miaka nenda rudi, siku ya matokeo tumekuwa tukisoma majina mbele ya wazazi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Tuliona tunahimiza. Mwaka mmoja, mtoto aliyesomwa wa mwisho hakurudi tena darasani. Tulipokwenda kwao, mama yake alitukaribisha vizuri, kisha akasema: "Ustadhi, nimembembeleza. Anasema kule kwenye simu angalau anapanda."

Maneno yale yametukaa moyoni. Mchezo wa simu, pamoja na hila zake, ulimwonyesha mtoto ngazi iliyo mbele yake na ukampangia wa kiasi chake. Sisi tulimpanga na mwenzake aliyeanza kuhifadhi tangu utotoni, kisha tukamtangaza wa mwisho mbele ya kijiji. Nani basi alikuwa mwadilifu zaidi katika mizani?

Ilhali dini yetu imetufundisha vingine. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa aliye hodari wa kusoma Qur'an atakuwa pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kusitasita na kwa taabu ana malipo mawili. Hodari ametukuzwa, na mwenye taabu hakuaibishwa. Na katika Surat al-Hujurat, Allah (s.w.) ametujulisha kwamba mbora wetu mbele Yake ni yule amchaye zaidi.

Kushindana nako si haramu kwa asili yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake, akamshinda, na masahaba wakahuzunika. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila Allah (s.w.) hukishusha. Anayelia kwa kushuka Diamond na aikumbuke hadithi hii.

RAI YETU

Kwa wanafunzi: mchezo usikule swala, usingizi wala fedha ya daftari. Kabla hujaipa renki usiku wako, jiulize itakuwa wapi msimu ujao. Kisha kumbuka kuwa mwenye Qur'an ataambiwa asome na apande, na daraja yake iwe pale itakapoishia aya ya mwisho aisomayo. Cheo hicho hakina msimu wa kukishusha.

Kwa wazazi: fimbo peke yake haitoshi. Mwulize mtoto amefika ngazi gani na msimu unaisha lini, utajua siku za kumwangalia zaidi. Simu ilale chumbani kwenu baada ya Isha.

Kwa sisi walimu: tunapendekeza orodha ya kwanza hadi wa mwisho isisomwe tena hadharani. Kila mtoto apewe kadi inayoonyesha alipoanzia mwaka na alipofikia. Aliyetoka kwenye alifu akafika Surat al-Fiil apewe mkono wa pongezi mbele ya watu, sawa na aliyemaliza juzuu. Na yule mtoto aliyeacha, tumfuate tena nyumbani kwao, safari hii na kadi mkononi.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe waadilifu wa mizani, na aifanye mizani yetu kuwa nzito Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.