SHEHENA ISIPITE MSTARI

Mara kwa mara husikika habari za mashua iliyopinduka, na mara kwa mara husemwa kwamba ni kazi ya Mungu. Sisi hatukubali kwamba kila ajali ya majini ni kudura. Bahari ina kusi yake na Ziwa Victoria lina tufani zake, lakini viko vyombo ambavyo hatari yake huanzia pwani, katika namna vilivyopakiwa.

Mabaharia wa zamani walilijua jambo hili. Jahazi tupu lilitiwa farumi ya mawe au mchanga chini kabisa, karibu na mkuku, kwa kuwa uzito ukiwa chini chombo kilicholazwa na upepo huinuka tena. Ukiwekwa juu, uzito huo huo hukimalizia kukipindua. Kwa hiyo magunia mazito yakae chini na katikati, yafungwe yasiteleze, na vitu vyepesi ndivyo viwe juu. Maji ya ngama yatolewe mapema, maana hukimbilia upande ule ule chombo kinakoinamia. Abiria nao wakae chini, wala wasikimbilie upande mmoja nchi kavu inapokaribia.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ikiwa kivuko cha chuma chenye mashine kilipatwa na hayo, mtumbwi wa mbao uliojazwa hadi ukingoni utaokolewa na nini?

Yafaa tuulize ni nani afaidikaye na gunia la ziada. Mwenye chombo hupokea nauli yake akiwa amekaa nchi kavu. Baharia hupata fungu dogo, na roho yake ndiyo rehani. Akikataa kupakia, huambiwa kwamba wako wengine wanaotafuta kazi. Huo ni unyonyaji, hata kama hauitwi kwa jina hilo.

Mwaka 1876, baada ya kampeni ndefu ya Samuel Plimsoll, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuchora ubavuni mwa meli mstari wa kikomo cha shehena. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuuchora, na kasoro hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1890. Mstari uliochorwa na mwenye faida haumlindi mfanyakazi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila mashua, dau na mtumbwi wa kazi uwe na mstari unaoonekana, uliopimwa na wakaguzi wa TASAC huku Bara, na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kule Zanzibar. Vikundi vya usimamizi wa fukwe viukague mstari huo kabla chombo hakijang'oa nanga. Tena baharia akataaye kupakia kupita mstari asipoteze kazi yake.

Wanachama walioko mialoni na bandarini wasingoje amri katika jambo hili. Wasimame pamoja na nahodha anaposema kwamba chombo kimetosha. Gunia lililobaki pwani litasafiri kesho. Baharia aliyezama hasafiri tena.