Benzi la baba na chupa ya soda

Wazazi wenzangu, wiki hii nitaandika juu ya gari. Najua safu hii ni ya afya na ukurasa ni wa familia, lakini nivumilieni, tutafika.

Kwetu Chokocho, kusini mwa Pemba, baba yangu ana Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1983. Ni lile umbo ambalo mafundi wanaliita kwa namba, W123, lililotengenezwa Ujerumani kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, yakatoka karibu magari milioni 2.7. Zamani gari la aina hii lilikuwa la wakubwa, na ndipo Waswahili wakapata neno "wabenzi". Baba hakuwa mbenzi. Alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Alilinunua Unguja, mimi bado sijaanza skuli, kwa mtu aliyechoka kutafuta spea, likavushwa kwa meli mpaka Mkoani. Mama hakusema naye siku tatu, maana pesa zile zilikuwa za bati za nyumba.

Leo baba amestaafu, nyumba ina bati, na gari bado linatembea.

Kila Jumamosi ninapokuwa nyumbani, baada ya chai, boneti hufunguliwa. Boneti ya gari hili unaweza kuisimamisha wima kabisa, na binti yangu wa miaka minne anaipenda kuliko katuni. Kazi yake ni kushika tambara. Babu yake huchomoa kijiti cha oili, hukifuta, hukirudisha, hukichomoa tena, kisha wote wawili hukitolea macho.

"Nyeusi, babu."

"Nyeusi ndiyo yake, mwanangu. Dizeli huchafua oili siku hiyohiyo. Wewe niangalizie imefika alama gani."

Baada ya hapo ni maji ya betri, mkanda wa feni, na kile kichujio kidogo cha plastiki cha dizeli kinachoonyesha ndani. Kikianza kujaa uchafu anakibadilisha mapema, kabla gari halijaanza kukata mafuta njiani. Adui mkubwa kwetu ni chumvi. Chokocho ni pwani, ndiko watu wanakopandia vyombo kwenda Kisiwa Panza, na upepo wa bahari haubagui gari la Mjerumani. Baba hulimwagia maji baridi chini, kwenye matao ya magurudumu na vizingiti, halafu huzibua kwa njiti vile vitundu vilivyo chini ya milango. Vitundu hivyo ni vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba, mlango unaoza kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa.

Tukimaliza tunapanda, vioo chini, tunakwenda taratibu mpaka Mtambile na kurudi. Injini ina nguvu ya farasi 72 tu, kwa hiyo haraka haipo, lakini viti vyake vina springi ambazo mgongo wangu haujazipata kwenye gari lolote jipya. Msimu wa karafuu harufu inaingia ndani inabaki mpaka jioni. Ugiriki aliwahi kuwepo dereva wa teksi aliyeendesha 240D ya 1976, ya umbo lililotangulia hili, mpaka ikatimiza kilomita milioni 4.6, na kampuni yenyewe ikaichukua kuiweka kwenye makumbusho yake. Nilipomsomea baba habari hiyo aliuliza swali moja tu: "Oili alikuwa akibadilisha kila baada ya kilomita ngapi?"

Sasa niwaambie ya Jumamosi moja ya mwezi uliopita.

Baba alikuwa akiongeza kulanti kwenye rejeta. Watu wengi hapa hutia maji matupu, wakisema kulanti ni ya nchi za barafu. Sivyo. Kulanti inazuia kutu ndani ya injini na inafanya maji yachelewe kuchemka, na gari lenye miaka zaidi ya 40 linahitaji yote mawili. Baba analijua hilo, kwa hiyo hununua galoni na kuichanganya na maji. Siku ile kilichobaki alikitia kwenye chupa ya soda ya nusu lita, akaiweka barazani, akaingia ndani kutawadha.

Mimi nilikuwa barazani hapohapo. Nilikuwa nimeinamia simu.

Niliponyanyua uso, chupa ilikuwa mdomoni kwa binti yangu. Ilikuwa na maji ya kijani, mazuri kuyatazama, kama soda yenyewe. Nilimpokonya. Akaniangalia akasema, "Tamu."

Hapo ndipo penye hatari, wazazi. Kulanti nyingi zinatengenezwa kwa kemikali iitwayo ethilini glaikoli, na ladha yake ni tamu kweli. Rangi hutiwa ili fundi aione ikivuja: kuna ya kijani, nyekundu, buluu, ya waridi. Mtoto akionja petroli au mafuta ya taa huenda akatema. Hii hatemi. Na kwa mwili mdogo, funda chache zinaweza kutosha kumdhuru vibaya.

Nyumba nzima ilikuja juu. Mama alikimbilia maziwa. Jirani akasema dafu. Mwingine akasema mtie kidole atapike. Kila mmoja alitaka kusaidia, na mimi nilipiga kelele hapana mara tatu, nikamsukutua kwa maji, nikambeba.

Maziwa hayaui sumu hii, na dafu pia haliiui. Vyote viwili vinakula muda. Kumtapisha ni kubaya zaidi, hasa kama alichokunywa ni mafuta ya taa, petroli au dizeli: yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayowaua watoto wanaokunywa mafuta. Kwa hiyo msukutue mdomo, mvue nguo kama zimelowa, mwoshe ngozi, uondoke. Akiwa hana fahamu mlaze ubavu, usimtie kitu chochote kinywani.

Baba alitoka mikono ikichuruzika maji ya udhu. Kwenye dizeli hizi za zamani, ukifungua swichi inawaka taa ya njano, nawe unasubiri izime ndipo upige stata. Ni sekunde chache. Nimepanda gari lile maisha yangu yote na sikuwahi kuzihesabu kabla ya siku ile.

Spitali, daktari aliuliza, "Amekunywa nini?"

"Kulanti."

"Ya aina gani? Chupa iko wapi?"

Chupa nilikuwa nimeiacha barazani. Mimi, ambaye kwenye safu hii hii nimewahi kuwaandikia kwamba mtoto akinywa kitu nendeni na chombo chake! Aliyetuokoa ni kijana wa jirani. Alitufuata kwa bodaboda na chupa mkononi, na galoni yenye lebo ameibana kwapani. Daktari akasoma lebo. Kisha baba akainua ile chupa ya soda kwenye mwanga akasema, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha hesabu, kwamba aliijaza mpaka ukingo wa chini wa karatasi, na sasa imeshuka kidogo tu, pengine kifuniko kimoja. Mpaka leo naamini macho yake yaliyozoea kusoma kijiti cha oili yalitusaidia sana siku ile.

Hata hivyo hawakuturuhusu. Daktari alinieleza sababu, nami nawaelezeni kwa sababu wazazi wengi wangeondoka. Saa za mwanzo mtoto anakuwa kama mlevi: anayumba, anatapika, anasinzia. Baadaye anaweza kuonekana amepata nafuu, mama akashukuru Mungu akarudi nyumbani. Wakati huo ini linaendelea kuibadilisha ile kemikali kuwa sumu nyingine kali zaidi, mtoto anaanza kupumua haraka, na baada ya siku moja mpaka tatu figo zinaweza kugoma. Kuna dawa ya kuizuia, na pasipokuwa na dawa hiyo madaktari wana njia nyingine, lakini zote zinataka mgonjwa awahi kabla figo hazijaguswa. Kwa hiyo usingojee dalili.

Tulikaa siku mbili. Walipima damu na mkojo, wakapima tena. Alhamdulillahi, alikuwa ameonja tu. Siku ya pili alikuwa akiwauliza manesi kama na wao wana babu mwenye Benzi.

Niliporudi nyumbani nilipita kila pembe ya nyumba ya wazazi wangu, na nawaomba nanyi mpite zenu leo. Nilikuta mafuta ya breki kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikakuta dizeli ya kuoshea spana kwenye kopo la maziwa ya unga, na maji ya betri, ambayo ni asidi, kwenye chupa ya maji ya kunywa, tena mlangoni mwa jiko. Kila kimoja kilitiwa humo na mtu mwenye akili timamu aliyesema "nitakitoa baadaye". Sasa vyote vimo kwenye vyombo vyake vya asili, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, juu ya kabati ya stoo. Kilichomwagika chini kinafunikwa kwa mchanga na kuzolewa, maana paka na mbuzi nao wanaweza kukilamba.

Kuna jambo jingine nililoligundua kwa aibu. Safari ile ya spitali nilimpakata mtoto kiti cha mbele, bila mkanda. Baba alikuwa akikimbia kuliko nilivyowahi kumwona. Lau angefunga breki za ghafla nisingeweza kumzuia. Hakuna mikono ya mama yenye nguvu hiyo, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliomo garini hadi nusu.

"Mikanda ya nyuma ipo?" nilimuuliza baba.

"Ipo. Sijui iko wapi."

Tulinyanyua kiti cha nyuma tukaikuta chini yake, pamoja na sarafu, kitana, na karafuu zisizo na idadi. Wenye magari ya zamani, hebu nanyi nyanyueni viti. Tuliivuta yote tukaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, tukaianika kivulini. Usitumie jiki wala usiipake mafuta, kwani vinadhoofisha nyuzi. Kisha ukipime: uvute kwa ghafla, lazima ukwame. Mmoja haukukwama, na mwingine ulikuwa umechanika ukingoni. Fundi wa Mtambile ameagiza mingine Dar es Salaam. Bei yake imemfanya baba anyamaze kidogo, lakini amelipa. Kiti cha mtoto tumechukua kile kinachofungwa kwa mkanda wa gari wenyewe, kwa sababu magari ya umri huu hayana zile ndoano za chuma za viti vya kisasa. Mkanda upite begani na kwenye mifupa ya nyonga. Usipite chini ya kwapa wala juu ya tumbo.

Mawili ya haraka kabla nafasi haijaniishia. Tairi kuukuu za kutoka nje zinaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliozeeka. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, na muuzaji asikwambie vingine. Na gari likiegeshwa lifungwe, funguo ziwe juu. Watoto hupenda kucheza "dereva" ndani yake, na gari lililofungwa juani linakuwa tanuri kwa muda mfupi sana. Mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wako.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani tena. Boneti ikafunguliwa. Baba alikuwa ameandika SUMU kwa rangi nyekundu kwenye galoni, kisha akakumbuka kwamba fundi wake mdogo hajui kusoma, akampa brashi achore mwenyewe alama ya kitu kibaya. Amechora uso wenye macho makubwa na nywele zimesimama. Nilipomuuliza ni nani, akasema ni mimi, siku ile.