Mabega ya Mwenzio Yanasema, Unayasikia?

Leo tunawaacha kidogo mawifi na simu za usiku, tunahamia mgongoni. Ndiyo, mgongoni! Nataka tuongelee msuli mmoja ambao naamini umeshawanunisha wapenzi wengi, na wenyewe hata jina lake hawalijui.

Nikikaa na mashoga zangu nasikia hivi: "Akirudi kazini kanuna, ukimgusa bega anaruka kama kaguswa na umeme." Nikikaa na wanaume nasikia upande wa pili: "Nikimwomba anikande anasema kachoka, nikikandwa saluni inakuwa kesi." Kesi zote mbili zinakaa sehemu moja, pale kati ya shingo na bega. Weka mkono wako hapo sasa hivi, minya kidogo. Umesikia? Huyo ndiye mgeni wetu wa leo, anaitwa trapezia.

UNAANZIA WAPI, UNAISHIA WAPI?

Watu wengi wanadhani ni kile kinyama cha juu ya bega tu. Hapana. Unaanzia kwenye mfupa wa kisogo, unashuka na uti wa mgongo mpaka kwenye pingili ya mwisho yenye mbavu, kisha unatanuka pembeni kushika mtulinga, ncha ya bega na kombe la bega. Kila upande una wake. Ukiiunganisha yote miwili unapata umbo la tiara wanalorusha watoto, limetandazwa mgongoni. Ile trapeza tuliyosumbuliwa nayo kwenye hesabu ina ukoo mmoja na jina hili, na chanzo chake ni neno la Kigiriki lenye maana ya meza.

Msuli huu una sehemu tatu. Ya juu inainua bega, ya kati inavuta makombe ya mabega yakaribiane, ya chini inayashusha. Sehemu ya juu na ya chini zikishirikiana zinazungusha kombe la bega ili mkono uweze kwenda juu ya kichwa. Mkono ukiinuka mpaka juu kabisa unazunguka nyuzi kama 180, na takriban 60 kati ya hizo zinatokana na kombe la bega kuzunguka. Kwa hiyo ukianika nguo, ukisuka nywele au ukishika bomba la daladala, trapezia iko kazini.

Pia inasaidia kushikilia kichwa, na kichwa cha mtu mzima kina uzito unaokaribia ule mfuko wa sembe wa kilo 5. Kikiwa kimesimama sawasawa, mifupa ya shingo inabeba sehemu kubwa. Ndiyo maana mama aliyejitwisha ndoo anatembea kanyooka kama mnara: mzigo unashuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Sasa inamisha kichwa kwenye simu. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, shingo inabeba nguvu ya kama kilo 27. Ni hesabu ya kwenye kompyuta, hakupima shingo za watu, lakini inakupa picha ya kwa nini ukikaa saa nzima unaangalia video za wenzio unaamka umekakamaa.

YULE ANAYEAMKA WA KWANZA

Hapa ndipo utamu ulipo, tulia unisikilize. Wengi tunaamini msuli unauma kwa sababu ya mzigo mzito. Mbona basi dada wa benki anayebonyeza kompyuta tu analia mabega, na mikono yake haijabeba hata kilo moja?

Mwaka 1991 mtafiti wa Uswidi, Göran Hägg, alikuja na wazo analoliita la Cinderella, yule binti wa hadithi anayefanyishwa kazi zote za nyumba. Msuli una nyuzinyuzi nyingi, lakini haziingii kazini pamoja. Zile ndogo ndogo huanza kwanza, hata kwa kazi nyepesi kabisa, na ndizo za mwisho kuachiwa. Kubwa zinaitwa pale tu nguvu inapohitajika. Sasa kama siku nzima unafanya kazi nyepesi isiyo na mapumziko, zile ndogo hazilali. Ni kama dada wa kazi anayeamka saa 10 alfajiri na kulala baada ya wote. Hajabeba gunia, lakini kachoka kuliko mbeba gunia.

Kuna lingine. Mwaka 1994 wenzake huko huko Uswidi, wakiongozwa na Ulf Lundberg, waliwapa watu hesabu za kichwa na majaribio mengine ya kuwabana akili, huku wakipima umeme wa msuli huu. Ulipanda! Yaani mtu kakaa zake, hajabeba kitu, mawazo tu yanakaza mabega.

Umeelewa sasa? Ada ya shule ni mzigo wa mabegani. Bosi mkorofi ni mzigo wa mabegani. Na ile sauti ya "tutaongea nikirudi" unayomtumia mwenzio saa 4 asubuhi, anashinda nayo mabegani mpaka jioni. Akifika nyumbani mabega yako karibu na masikio, wewe unasema kanuna, ana lake jambo. Inawezekana kweli ana lake jambo. Lakini inawezekana pia kwamba ni mtu mwenye maumivu ambaye hajui aanzie wapi kuyasema, na ukimsalimia kwa ugomvi unamkaza zaidi.

SALUNI AU NYUMBANI?

Tuseme ukweli. Kukandwa kunasaidia, ila nafuu yake mara nyingi ni ya muda mfupi. Kama kinachokaza mabega hakijaondoka, kesho yatarudi palepale. Kwa hiyo hata ukimkanda mwenzio kila usiku na mafuta ya nazi ya Pemba, kama kesho yake asubuhi anaamkia deni usilotaka hata kulisikia, unachota maji kwa pakacha.

Lakini mkono wa nyumbani una kitu ambacho wa saluni hauna: unaweza kukanda na kuuliza. Mkalishe kwenye kiti kisicho na mikono, aegemee mto mezani, uso chini. Paka mafuta, shika nyama ya kati ya shingo na bega kwa kiganja na vidole, minya taratibu, shikilia, achia. Kisha telezesha kuelekea kwenye ncha ya bega. Dakika 10 zinatosha. Muulize kama inauma vizuri au vibaya, maana kuna tofauti. Usikandamize mifupa ya uti wa mgongo, wala usiguse mbele na pembeni mwa koo panapodunda mapigo. Simu zote mbili zikae chumba kingine. Halafu uliza swali moja tu: "Leo nini kimekuchosha?" Nyamaza, sikiliza. Usitoe ushauri mpaka akuombe.

Na wewe kaka unayependa kinyozi akumalizie kwa kukuzungusha shingo mpaka ilie "ko!", mwambie basi. Ni nadra, lakini kuvuta shingo kwa ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kukuletea kiharusi. Kunyolewa kwa shilingi elfu chache hakustahili hatari hiyo.

DAKIKA 2 TU

Kinachosaidia kwa muda mrefu ni kuupa msuli huu nguvu na mapumziko. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti wao kwa watu 198 wa maofisini waliokuwa wakiumwa shingo na mabega. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mpira wa kuvuta kwa dakika 2 kwa siku, lingine dakika 12, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko kundi ambalo halikufanya. Dakika 2, jamani! Hata maji ya chai hayajachemka.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Simama, kanyaga mpira katikati, shika ncha zake, inua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, shusha polepole. Huna mpira? Jaribu na chupa mbili za maji za nusu lita, ukizoea ongeza uzito. Fanyeni wawili, mmoja ahesabu. Ongezea na haya:

Pandisha mabega mpaka masikioni, hesabu 5, yaachie yaanguke na kaa hivyo ukihesabu 10. Hapa unaukumbusha msuli kwamba kuna kitu kinaitwa kuachia.

Bana makombe ya mabega kama unashikilia kalamu katikati, hesabu 5, achia. Mara 10.

Ofisini, weka kioo cha kompyuta usawa wa macho na viwiko vipate pa kuegemea. Lakini usijilazimishe kukaa kama askari wa gwaride siku nzima, maana hakuna mkao mmoja mzuri usiochosha. Badilisha, simama, tembea kila baada ya nusu saa. Simu usiibane kati ya sikio na bega. Dada yangu, huo mkoba wenye viatu, chakula, chaja na kitabu cha mahesabu ya kikundi, upunguze na uhamishe bega. Na kamba za sidiria zikikuachia mifereji mabegani, tafuta saizi yako.

Usiku, kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza kwa dakika 15 kinalegeza vizuri. Ila vile vidonge vya diklofenaki unavyomeza kila siku kama karanga bila kumwona daktari, viache. Vinaweza kuharibu tumbo na figo.

HAPA USIKANDE, NENDA HOSPITALI

Siyo kila bega linataka mafuta ya nazi. Maumivu ya bega yakija na kifua kubana, jasho jembamba au kuhema kwa shida, huo unaweza kuwa moyo, usisubiri asubuhi. Shingo ikikakamaa na homa kali na kichwa kuuma, kimbia. Mkono ukifa ganzi au kuishiwa nguvu, au maumivu yakianza baada ya ajali, nenda ukapimwe. Na kama bega limeshuka upande mmoja na mkono haupandi baada ya kufanyiwa upasuaji pembeni mwa shingo, mwambie daktari mapema. Mshipa wa fahamu unaouamuru msuli huu kufanya kazi unapita hapo karibu na ngozi, na unaweza kuguswa.

Yasipokuwa hayo, dawa iko nyumbani. Kanda, ndiyo. Lakini kama unataka mabega ya mwenzio yashuke na yabaki chini, kaa naye mgawane kinachoyapandisha. Nani analipa nini, nani anaamka na mtoto, nani anamjibu yule ndugu anayepiga simu kila mwisho wa mwezi. Tunaposema wapenzi waende bega kwa bega, tunamaanisha bega lako nalo libebe kitu.

Usiku wa leo mwangalie anapoingia mlangoni. Kabla hajasema neno, tazama mabega yako wapi. Ukiona yamepanda, usiulize "umenuna nini?" Mpokee mkoba kwanza.