Mtetea Anapowika

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na hapa, mtetea wa mjane mmoja alipanda juu ya rundo la kuni asubuhi, akanyosha shingo, akawika. Hakuwika vizuri, sauti yake ilikwaruza kama ya kijogoo anayejifunza. Lakini ilitosha. Haikupata saa nne shemeji wa yule mama alikuwa amekwisha fika na kisu mkononi. "Shemeji," akasema, "kuku huyu asipokufa leo, atakufa mtu." Basi mtetea akachinjwa. Tumboni mwake mlikutwa yai lililo tayari kutagwa, na nyuma yake mengine madogo madogo yamefuatana kama shanga. Ilipofika jioni watu walikuwa wakiulizana ni nani aliyemtuma ndege huyo, na jina lililotajwa ni la mjane mwenyewe.

Kuku mmoja si hasara kubwa. Mwanamke kuogopwa na jirani zake ni hasara kubwa sana, na wasomaji wanajua mambo ya namna hiyo huweza kufika wapi. Kwa hiyo yafaa tueleze waziwazi kwa nini kuku jike huwika.

Wale mayai waliokutwa tumboni wangetosha kuwafumbua watu macho, maana kuku yule alikuwa mzima na akitaga. Tena katika boma lile hamkuwa na jogoo. Aliuzwa mwanzoni mwa muhula ili karo ilipwe. Kuku hawakai ovyo ovyo kama tudhanivyo. Mtu mmoja wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuwatazama kuku tangu utotoni, na mwaka 1922 alitangaza aliyoyaona: kila kuku anamjua anayeruhusiwa kumdonoa na yule asiyethubutu kumgusa. Mkubwa hula kwanza na kuchagua mahali pa kulala, na mdogo kabisa hudonolewa na wote. (Mimi nikiwatazama kuku wakigombea pumba huikumbuka ofisi yetu, lakini hayo tuyaache.) Jogoo akiondoka, nafasi yake yabaki wazi, na pengine mtetea aliye mkubwa wa wenzake huishika. Atawalinda, atawaamua wakigombana, na mara nyingine atawika. Wafugaji wengi wameliona jambo hilo, na mara nyingi mtetea wa namna hiyo huendelea kutaga kama kawaida.

Hata majogoo wenyewe huwika kwa cheo. Wataalamu wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini. Hata akifungiwa mahali ambapo mwanga haubadiliki, huwika alfajiri inapokaribia. Mwaka 2015 wakaonyesha kuwa jogoo mkubwa wa kundi ndiye anayetangulia, na wengine humfuata kwa daraja zao. Walipomwondoa yule mkubwa, wa pili ndiye aliyeanza.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya ajabu zaidi. Kuku jike ana ovari moja tu inayofanya kazi, ile ya kushoto. Ya kulia hubaki kijipande kidogo kisichokua. Ikiwa ya kushoto itaharibiwa na ugonjwa au uvimbe, kile kijipande cha kulia huweza kukua na kufanana na korodani, kikatoa homoni za kiume. Hapo kuku huacha kutaga, kilemba chake huongezeka na kuwa chekundu, miiba huota miguuni, manyoya hubadilika, naye huwika na kuwapanda wenzake. Mwaka 1923 Bwana F. A. E. Crew wa Edinburgh aliandika habari za kuku mmoja wa aina ya Buff Orpington aliyekuwa ametaga na kulea vifaranga vyake mwenyewe, kisha akageuka hivyo na kuwa baba wa vifaranga wawili. Hakurogwa na mtu; ugonjwa ulikuwa umeiharibu ovari yake.

Asiwepo wa kudhani kwamba hofu hii ni ya Waafrika peke yao. Katika mji wa Basel, huko Uswisi, mwaka 1474 jogoo mmoja alishitakiwa kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa, akachomwa moto mbele ya watu pamoja na yai lake.

Sasa, mtetea wako akiwika, mshike jioni akiwa amelala umpapase. Chini ya mkia kuna mifupa miwili yenye ncha. Ikiwa vidole viwili au vitatu vyaingia katikati yake, huyo yungali akitaga. Mtafutie jogoo, na yamkini atanyamaza. Ikiwa ni kidole kimoja tu, na kilemba kimekua, mayai yamekwisha, nawe waweza kumfanya kitoweo kwa amani. Lakini akiwa amekonda na tumbo limevimba, mtenge na wengine, umwite afisa wa mifugo amwangalie kabla hujafikiria sufuria.

Huenda mtu atasema, "Kwetu mtetea aliwika, na baada ya wiki moja kuku wote wakafa." Nayasadiki maneno yake. Kuku wanaokufa kwa makumi katika siku chache, wengine shingo zikipinda na mabawa yakilegea, kwa kawaida wameuawa na ugonjwa wa Newcastle, ambao hupita boma kwa boma, awe amewika mtetea au hakuwika. Ukishaingia hauna dawa, ila chanjo ya kuuzuia ipo, tone moja katika jicho la kila kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja yatosha kuku wengi kupita wa boma moja, na ikifunguliwa haifai kuwekwa, kwa hiyo jirani huchanga fedha na kuwachanja kuku wao wote siku moja.