MICHE IMEKUFA KWA KIU, MZEE ASIKATWE POSHO

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia maneno. Yamesemwa kisimani, yamesemwa kilabuni, na juzi yakaletwa mbele ya kamati: eti miche ya nyanya na hoho imekufa kitaluni kwa sababu mzee wetu anayemwagilia ni mvivu, kwa hiyo akatwe posho ya mwezi mzima. Sisi tunapinga. Tunapinga kwa maandishi hapa ubaoni, ili anayejua kusoma asome na asiyejua asomewe.

Mzee alimwagilia kila asubuhi na kila jioni. Tulimwona na keni yake. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, umelowa, na maji yalikuwa yanatoka chini ya viriba. Mtu akipita anasema, haya, miche imekunywa. Kumbe haijanywa kitu! Siku tulipopasua kiriba mbele ya kamati wote mliona: juu unyevu wa kina cha ukucha, pembeni unyevu, katikati kukavu kama ugoro. Mizizi imejikunja humo, imekufa.

Sababu ni ule udongo wa mfuko unaoitwa piti. Tuliununua kwa fedha za ushirika na hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Si udongo kama wa shambani. Ni mabaki ya mimea midogo ya vinamasi, yaliyolala ndani ya maji maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Unachimbwa nchi za baridi kama Ufini, Latvia, Estonia na Kanada, unakaushwa na kushindiliwa mifukoni. Kinamasi cha huko huongeza kama milimita 1 tu kwa mwaka, yaani mita 1 ni kazi ya miaka kama 1,000.

Sasa sikilizeni tabia yake. Piti yenye unyevu hunywa maji mengi na kuyatunza. Ikishakauka sana huyakataa. Maji yanateleza pembeni mwa kiriba, yanatokea kwenye matundu, na wewe unadhani umemwagilia. Je, nani alijaza viriba kwa piti kavu? Si mzee. Ni sisi sote, siku ile ya kazi ya pamoja, kila mtu ana haraka arudi kwake kabla jua halijawa kali. Mfuko ukafunguliwa, piti ikachotwa kwa bakuli, mche ukachomekwa, basi. Hata sisi wa ofisi ya tawi tulikuwepo, tunahesabu viriba badala ya kuuliza. Na hao wanaopiga kelele leo walikuwepo pia, tena mstari wa mbele!

Ilitakiwa hivi. Piti imwagwe juu ya turubai, mabonge yavunjwe kwa mkono. Inyunyiziwe maji kidogo kidogo huku inageuzwa kwa koleo, na maji ya uvuguvugu huingia upesi kuliko ya baridi. Ifunikwe ilale mpaka asubuhi. Ndipo ushike konzi moja uikamue: ikishikamana na kutoa matone machache, iko tayari. Ikimwagika kama unga, rudia. Ikichuruzika maji, umezidisha, iache ipungue. Halafu piti yenyewe haina chakula cha kutosha na ina tindikali nyingi, lazima ipate samadi iliyooza na chokaa ya kilimo. Mifuko mingine imeshachanganywa kiwandani, mingine bado, na maandishi yapo nje ya mfuko. Jamani, madarasa ya jioni tulikwenda kusoma nini kama si maandishi ya namna hiyo?

Kuna ndugu aliyesema tuweke kokoto chini ya kila kopo ili maji yatoke. Hapana. Maji hayapendi kushuka kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama juu yake, na mizizi inakosa hewa. Kinachotakiwa ni matundu.

Wengine wanasema tukachimbe udongo mweusi wa bonde letu. Hao tunawaambia waziwazi: kinamasi kile ndicho kinachotunza maji ya kisima chetu kiangazi. Asikiguse mtu. Kwa msimu ujao tunataka mchanganyiko wetu wa zamani, debe 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza, 1 ya mchanga. Huo ukikauka hausumbui hivyo.

Kuhusu kumwagilia kwa kufuata saa, tuache. Kiriba kinyanyuliwe kwa mkono: kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito kiachwe. Kidole kizame mpaka kiungo cha pili. Maji ya kila saa nayo yanaozesha.

Miche iliyobaki haijafa yote. Kila kiriba kisimamishwe ndani ya karai lenye maji mpaka mapovu yaishe na juu palowe, kisha kitolewe kichuruzike kivulini. Makarai 4 yako stoo. Jumamosi saa 1 asubuhi wote tuliojaza viriba siku ile tuje kitaluni, na mzee atakuwa msimamizi wetu. Hoja ya kumkata posho tutaomba kamati iifute jioni yake.

Ofisi ya Tawi